Mama Bisibisi na Benchi la Ng'ambo

Saa mbili na robo asubuhi, fundi anayeitwa Mama Bisibisi amebana pumzi. Kwa kipande chembamba cha plastiki anafungua kicheza muziki cha mfukoni, kile cha zamani chenye vitufe na mgongo wa chuma unaong'aa.

"Hapa ndipo wengi wanapoharibu," anasema bila kuinua macho. "Ukivuta kwa pupa unakata utepe wa betri. Basi, umeua."

Kifaa hiki si cha mteja. Ni kazi ya fundi wa dirisha la ng'ambo ya ukumbi wa jengo hili, hatua kumi na moja kutoka hapa. Mama Bisibisi alikipata jana kwa kumtuma mshonaji jirani akajifanye mnunuzi.

"Andika kwamba nimenunua," anasema. "Sijaiba."

Fundi wa ng'ambo ni mdogo wake, tumbo moja. Watu humwita Fundi Hewani, kwa sababu huvitia vifaa hivi vya kale bluetooth, sauti ikafika kwenye spika bila waya. Benchi lake lina wateja wanne. Benchi la dada yake lina mwandishi wa makala haya.

"Wanne," anasema Mama Bisibisi. Hakuna aliyemuuliza.

Yeye ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na tisa. Huondoa diski nzee inayozunguka, huweka memori kadi nyembamba, na katika nafasi inayobaki huingiza betri nene zaidi. Kifaa kilichobeba nyimbo elfu tano kinabeba elfu ishirini na chaji inakaa siku mbili. Kisha mteja hulipa, hushukuru, na kuvuka ukumbi kwenda kuwekewa bluetooth.

"Mimi nakipa tumbo, yeye anakipa mdomo," anasema. "Na watu wanasifu mdomo. Namwonea wivu, ndiyo. Usiandike 'anasikitika'. Andika wivu."

Mshonaji, ambaye cherehani yake iko mlango wa tatu, anadakia kutoka huko huko: "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda!"

"Mbona sikondi?" anajibu Mama Bisibisi, na kweli kiti kinalia anapogeuka.

Chumba hiki kilikuwa cha baba yao, fundi wa redio. Binti alianza kushika kibano akiwa na miaka kumi na miwili. Mdogo wake alipofikia umri huo, macho ya mzee yalikuwa yamefifia, kwa hiyo kazi ya kumfundisha ikamwangukia dada. Mzee alipofariki, meza alimwachia binti na chuma cha kulehemu akamwachia mwana.

"Meza!" anasema, akiipiga kofi. "Mtoto huyo siku ya kwanza alikishika chuma upande wa moto. Nani alimpaka dawa? Leo anawaambia wateja amefundishwa na mzee."

Miaka mitatu iliyopita mdogo mtu alihamia ng'ambo. Tangu hapo wanasalimiana asubuhi, "Shikamoo dada," "Marahaba," na mazungumzo yanaishia hapo hadi kesho yake.

Kisha ikaja kazi ya shule ya wasioona. Wanataka vicheza muziki arobaini vya vitufe, kwa sababu mwanafunzi anakijua kitufe kwa kidole gumba, lakini kioo laini hakimwambii kitu. Vibebe vitabu vyote vya kusikiliza, na vipeleke sauti kwenye spika za masikioni bila waya, maana waya hunasa kwenye fimbo. Arobaini ni kazi ya miezi minne mizima, na Mama Bisibisi hajapata inayofikia hata robo ya hiyo.

Ndugu hao wangeweza kugawana. Kila mmoja akaitaka yote.

Jumatatu mwalimu, naye haoni, alikuja kujaribu sampuli. Ya Mama Bisibisi, aliyoitia bluetooth mwenyewe, ilisoma vizuri mezani. Alipoitia mfukoni, sauti ikakatika. Ya Fundi Hewani iliimba hata ndani ya mkoba, lakini ilikuwa bado na diski yake ya zamani, na saa sita mchana chaji ikaisha.

"Nileteeni Ijumaa kimoja kinachofanya yote mawili," alisema mwalimu. "Na nataka fundi mmoja. Kikiharibika, nijue namlaumu nani."

Leo ni Jumatano. Ndiyo maana kifaa cha mdogo mtu kiko chini ya taa.

Mgongo wa chuma unaachia. Mama Bisibisi anainama, anasonya.

"Kumbe hapa."

Chuma cha mgongo humeza mawimbi ya bluetooth. Yeye alikuwa akiificha antena nyuma ya betri, chuma kikaifunika. Mdogo wake ameipitisha juu kabisa, chini ya ukanda mdogo wa plastiki kando ya tundu la spika za masikioni. Mahali peupe, mbele ya macho ya kila mtu. Sasa siri anayo, na kazi yote ya vifaa arobaini iko mikononi mwake.

Anageuza mgongo wa chuma atafute alama. Hiyo ilikuwa sheria ya mzee: ndani ya kila kazi, fundi anachora kwa sindano alama yake, na chini yake alama ya aliyemfundisha kazi hiyo. "Ili atakayefungua baadaye ajue amlaani nani," mzee alikuwa akisema. Ya mzee ilikuwa duara lenye nukta. Ya mdogo mtu ni pembetatu. Ya Mama Bisibisi ni duara lenye msalaba, kama kichwa cha skrubu.

Pembetatu ipo. Chini yake hakuna nukta. Kuna kichwa cha skrubu.

Anaisogeza kwenye taa, anaisugua kwa kidole gumba. Haifutiki.

"Mpumbavu huyu," anasema taratibu. "Hata wivu wangu ananiharibia."

Anafanya kazi kwa saa moja. Antena ya sampuli yake anaipitisha chini ya ukanda wa plastiki. Anakitia kifaa mfukoni, anatembea hadi kwa mshonaji na kurudi. Sauti haikatiki.

Inabaki sindano. Anachora kichwa chake cha skrubu, vizuri, kikubwa. Sindano inakaa hewani muda mrefu. Kisha anachora chini yake pembetatu.

"Nimeichora ndogo," anasema.

Mpango wake ni kumpa mwalimu kifaa hiki Ijumaa kikiwa na alama mbili ndani, azipapase kwa kidole, na kumwambia amlaumu mwenye ya juu. Arobaini, anasema, ni nyingi kwa mikono miwili. Lakini kwanza lazima mwenye pembetatu akubali.

Je, wivu umekwisha?

"Uishe uende wapi? Tazama, sasa wako watano."

Anavaa viatu, anachukua sampuli, anavuka ukumbi. Wateja wanamtazama. Hapiti mbele yao. Anakaa mwisho wa benchi, wa sita, anasubiri zamu yake.