Siku Nilipopima Amplifaya ya Kigango

Hili ningelificha, lakini mtaa mzima wa Kashai unalijua. Nilikuwa nimenunua osiloskopu ya kidijitali, ile mashine inayochora umeme kama mawimbi kwenye kioo, na sikumsalimia fundi mwenzangu yeyote bila kuitaja.

Katekista wa kigango cha Kishanda akaniletea amplifaya ya kanisa lao iliyogoma kutoa sauti. Nikaiwasha, nikaunganisha. Mawimbi yakajipanga kama watoto wa komunyo ya kwanza.

“Mwalimu, amplifaya ni nzima. Spika ndizo zimekufa. Nunueni mpya.”

“Lakini jana nilizijaribu kwenye redio, zikaimba.”

“Mwalimu, kati yetu nani ana mashine?”

Akampigia simu Baba Paroko, akanipa niongee naye. Nilikuwa namfafanulia Baba mawimbi hayo umeme ulipokatika. Amplifaya ikazimika. Osiloskopu, inayotumia betri, ikaendelea kuchora yaleyale.

Katekista akafuata nyaya kwa kidole. Waya uliokuwa kwenye amplifaya haukuchora kitu. Mawimbi yalitoka kwenye waya wa pili, nilioubana asubuhi kwenye kijipini ambacho osiloskopu hutumia kujijaribu yenyewe.

“Baba,” akasema baada ya kuichukua simu yake, “spika tusinunue kwanza. Fundi amepima mashine yake, ameikuta nzima.”