Nyumba Iliyofichwa na Migomba

Pancras wa Mbuba hakuwa mkorofi, msimsingizie. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akisema neno, amelisema. Kwenye harusi ya mdogo wake aliapa kwamba hakai chini mpaka wakwe wafike. Gari la wakwe likaharibika njiani, na Pancras akala wali amesimama, akasikiliza nasaha amesimama, akapigwa picha ya ukoo akiwa wima kama nguzo ya umeme. Mtu wa namna hiyo humpi uenyekiti wa kamati. Kijiji kikampa.

Ilikuwa kamati ya matumizi ya ardhi, na aliipokea kwa sababu roho ilikuwa inamuuma. Alikuwa ametoka Nyakanazi kumsalimia mjomba wake Kazimili, akalitafuta lile shamba la maharage alilolipalilia utotoni, akakuta gesti ya ghorofa na malori yamejipanga mbele yake. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa mlinzi wa gesti.

"Shikamoo mjomba. Sasa maharage mnapata wapi?"

"Marahaba. Tunanunua," alisema Kazimili. "Yanatoka huko kwenu Ngara."

Basi kwenye mkutano mkuu wa kijiji Pancras alisimama akaunguruma. Mashamba yatakwisha, alisema, tutakuja kula matofali. Akapendekeza sheria ndogo: atakayekutwa anaishi ndani ya shamba ahame. "Hata kama ni mimi," akaongeza, wala hakuna aliyemuuliza. Watu walipiga makofi, mikono ikanyooshwa, sheria ikapita.

Kisha ikaja ramani. Mtaalamu wa mipango, binti mmoja mpole aitwaye Mwanaheri, alirusha kidege cha kupiga picha, akarudi na karatasi kubwa akaibandika ukutani ofisini. Sasa, aliyefika kwetu anajua jinsi tunavyoishi. Nyumba hukaa katikati ya migomba kama mtoto mgongoni kwa mama yake. Unapiga hodi kwenye nyumba usiyoiona, na moshi ndio unaokujibu kwamba kuna watu. Kidege kilichungulia kutoka juu, kikaona majani matupu. Kitongoji kizima kikapakwa kijani: eneo la kilimo. Kile kilima cha mawe, ambako hata mbuzi hupanda kwa kulazimishwa, kikaonekana hakina zao lolote, kikapakwa rangi ya makazi.

"Binti, mimi nakaa hapa," Pancras alisema, ameweka kidole katikati ya kijani.

"Hapo ni shamba, mzee. Na sheria umeipendekeza wewe mwenyewe, tena vizuri sana."

Angeweza kubisha. Majirani walibisha kwa akili: walisema watahama wakishavuna, na mpaka leo wanavuna, maana mgomba hauna mwisho wa mavuno. Pancras akasema sheria ni msumeno, akaanza kufunga vitu.

Ile migomba ilipandwa na baba yake, na baba yake amezikwa humo humo, hatua chache kutoka jikoni. Pancras hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya kuzeekea ndani ya kivuli kile. Mke wake, Avelina, alijua hivyo, ndiyo maana hakupiga kelele. Alisema tu, "Mdomo umeponza kichwa. Sasa miguu ipande mlima." Wakapanda, na ng'ombe wao nyuma.

Wenye ramani hawakujua kwamba mgomba haushibi mvua peke yake. Unakula nyumbani. Unakula maganda, jivu, samadi na maji machafu ya vyombo, na sasa chakula chote hicho kilikuwa kinaliwa na mawe. Pancras alijaribu kuteremsha samadi kwa tenga kichwani, mgongo ukagoma. Msimu wa pili majani yaliingia manjano, mashina yakawa membamba, upepo ukayalaza. Alikaa juu ya jiwe lake akitazama chini, akalia, siwafichi. Lile shamba aliloliokoa lilikuwa linakufa kwa sababu ya kuokolewa. Kule chini bati la nyumba lilianza kung'aa kwenye jua, na huku kilimani mbegu za boga alizomwaga Avelina pamoja na maji ya vyombo ziliota, zikatambaa, zikapanda kibanda chao mpaka juu ya paa.

Kidege kikarudi.

"Shikamoo mzee," alisema Mwanaheri akihema kwa mlima. "Kuna tatizo. Unaishi ndani ya shamba."

"Hili ni boga la mke wangu."

"Ni zao, mzee. Ramani mpya imepaka kijani hapa. Itabidi uhame."

"Nihamie wapi, binti?"

"Pale chini kuna nyumba nzuri ya bati, haina mtu. Pamekuwa makazi."

Pancras akaenda kumfungua ng'ombe.

Walirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mlango ulifunguka vilevile, lakini nje kulikuwa na vigogo vilivyooza, na kaburi la baba yake lilikuwa limeachwa juani kama la mtu asiye na watoto. Pancras alisimama pale mpaka Avelina akamwita kula, naye hakwenda.

Asubuhi alikwenda kwa jirani yake Nshoma kuomba machipukizi ya mgomba. Avelina alimkuta anachimba shimo karibu kabisa na ukuta.

"Unajua majani yakifunika bati, tutakuwa shamba tena?"

"Najua."

"Watatupandisha kilimani."

"Najua." Aliendelea kuchimba. "Lakini nimeshamwambia baba kwamba kivuli chake kinarudi. Nimeshasema, Avelina."

Avelina aliingia jikoni, akarudi na jivu la jana, akalimwaga ndani ya shimo.