Hakuna Aliyechagua Jiografia

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ramani, naye alishalizoea jina hilo. Alikuwa akifundisha jiografia katika sekondari ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii.

Ulipoletwa mpango mpya, kwamba kila mtoto ajichagulie masomo yanayomfaa na awe na mwalimu mlezi wa kukaa naye ana kwa ana, walimu wengi walinuna. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuunga mkono. Miaka ya nyuma mwanawe wa pekee alisukumwa kwenye fizikia na kemia kwa kuwa darasa zima lilikwenda huko. Akafeli, akaacha shule, akaondoka. Hata simu hapigi.

Basi kuta zikavunjwa, madawati marefu yakatolewa, na Mwalimu Ramani akapewa watoto wake wa kulea. Akawa anawaita mmoja mmoja.

"Haya, mwanangu, roho yako inapenda nini?"

Muziki, mwalimu. Ushonaji. Kompyuta. Jiografia haikutajwa na yeyote, kwake wala kwa walezi wengine. Na mwalimu mkuu alishasema waziwazi: somo lisilo na mwanafunzi litafungwa, mwalimu wake atahamishwa mbali. Mkewe naye alishaapa kwamba yeye hahami. Mtoto akirudi, atawakuta wapi?

Wa mwisho kuingia alikuwa binti mmoja mwenye maneno mengi, ambaye hakuna redio mbovu iliyomshinda.

"Na wewe?"

Binti akazitazama ramani ukutani. "Niandike jiografia."

"Tangu lini? Si wewe uliyeniambia mto ni mto tu, uende unakotaka?"

Akacheka, kisha akainamisha kichwa. "Wanasema ukikosa mtu utahamishwa, mwalimu. Mmoja si anatosha?"

"Anatosha."

"Basi niandike. Umeme nitajifunza mwenyewe nyumbani."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Neno moja tu, na angebaki nyumbani kwake mpaka astaafu. Lakini akilini alimwona mwanawe mezani, kitabu cha kemia kiko wazi, macho yakitazama dirishani. Akaandika: Umeme.

"Mwalimu! Mbona hivyo?"

"Nenda, mama. Na huko usije ukatuunguzia shule."

Binti hakucheka. Alisimama mlangoni kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaondoka.

Jioni mkewe alimpokea kwa swali. "Umepata wangapi?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

Angeweza kunyamaza yakaisha. "Mmoja alitaka. Alikuwa ananihurumia tu."

"Ukamkataa."

"Mama watoto, ningemfanyaje? Nimfanye kama walivyomfanya wetu?"

Mkewe akakaa kitandani taratibu, akisugua magoti.

"Umefanya sawa," alisema. "Lakini mimi siendi. Utakwenda peke yako."

"Na mtoto akikawia kurudi?"

"Atanikuta."

Barua ya uhamisho ilipofika, Mwalimu Ramani alitoa sanduku akaanza kukunja mashati, vibaya, kama mtu aliyekunjiwa nguo maisha yake yote. Mkewe akamnyang'anya, akayakunja yeye, moja baada ya jingine, bila kumtazama usoni.