Sehemu ya Kabanga

Nilipokuwa mtoto niliyaona mambo haya kwa macho yangu, lakini aliyeyasimulia kwanza ni mama. Ilikuwa mwaka 2015, jikoni kwetu South Beach, Durban, huku akimsuka shangazi aliyekuwa amewasili kutoka Lubumbashi. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kuyataja. Nilisikiliza, na baadaye nikamuuliza mama yale ambayo sikuyaona, ili nisije nikaongeza yangu.

Tulikuwa watoto watatu: mimi, kisha mapacha. Katika ukoo wetu, Waluba wa Kasai, mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kutoka ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga. Mbuyi wetu alikuwa msichana na Kabanga mvulana. Tangu wazaliwe, watu wa kanisani waliacha kumwita mama kwa jina lake. Walimwita Mwa Mbuyi, mama wa mapacha, nalo ni jina la heshima lenye masharti mengi. Sharti kubwa ni kugawa sawasawa. Ukimnunulia mmoja kandambili, na mwingine anunuliwe. Mmoja akichapwa, mwenzake naye achapwe, hata kama amelala. Baba alikuwa akimgusa kwa kidole tu begani, sheria itimie, kisha anacheka peke yake.

Kabanga alifariki kwa homa ya mapafu wakiwa na miaka minne. Hapa naliandika neno hilo waziwazi, ila nyumbani kwetu halikusemwa. Pacha hasemwi amekufa, na pacha haliliwi. Ukimlilia, atamsikia, atageuka, na atamwita mwenzake amfuate. Kaku, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwapo hospitali siku ile. Mimi sikuwapo. Mama alisema kwamba Kaku alimshika kidevu palepale kando ya kitanda, akamwambia, “Mwa Mbuyi, panguza macho. Huyu mwingine angali kwetu.” Mama akapanguza macho. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, akapika, akala. Mbuyi aliambiwa kwamba Kabanga ameenda kutafuta kuni, ndivyo watu wetu wasemavyo. Mbuyi, ambaye tangu azaliwe alikuwa ameona jiko la umeme tu, aliuliza, “Kuni ni nini?”

Sehemu ya Kabanga iliendelea kutolewa. Kila Mbuyi alipokula, kijiko cha kwanza kilikuwa cha mwenzake. Kule Lubumbashi chakula hicho huwekwa nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Sisi tuliishi ghorofani, tukaweka kwenye chungu cha maua barazani. Wakaja njiwa, kisha panya, na mwisho akaja msimamizi wa jengo, na maneno yake yalikuwa makali. Mama hakuweza kuweka chakula cha mwanawe kwenye pipa la takataka. Alizunguka na kisahani cha chakula hicho nyumbani kama mtu aliyepoteza mlango.

Sungura alifika majuma hayohayo. Alitoka kwa Thandeka, aliyekuwa akifanya kazi na mama saluni, na ambaye alikuwa akihamia chumba kisichoruhusu wanyama. “Eish, sista, mchukue tu,” alimwambia mama, “huyu hana kelele, hana deni na mtu.” Alikuwa wa kijivu, sikio moja limeinama. Mbuyi alimwita Roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa Durban, kwa sababu alikimbia, akasimama ghafla, akakimbia tena.

Siku moja mama aliweka kisahani sakafuni ili afute meza, na Roboti akala. Mbuyi alipiga makofi. “Kabanga amemaliza!” Mama aliniambia kwamba alihisi mzigo umeshuka kifuani. Kuanzia hapo kijiko cha kwanza kilikuwa cha Roboti: bukari, yaani ugali wetu, wali, mkate wa asubuhi, hata vitumbua vya Jumapili. Baba, aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda kiwandani Pinetown, alisema sungura huyu anakula vizuri kuliko yeye.

Kaku hakucheka. Nilikuwapo aliposema, na maneno yake nayakumbuka yalivyo. “Mwa Mbuyi, kitu chenye kinaweza kufa, musikipatie sehemu ya mutoto. Mutamuzika mara mbili.”

“Basi niweke wapi, mama?” mama aliuliza. Kaku alikitazama chungu cha maua barazani. Udongo wake wote ulikuwa umebaki Lubumbashi.

Ilipita zaidi ya mwaka. Mapacha, niseme Mbuyi, alikuwa ametimiza miaka sita na mimi nilikuwa na kumi. Siku moja tulirudi kutoka shule, mama akapakua, Mbuyi akapeleka kijiko. Roboti alikuwa amejikunja pembeni, macho nusu wazi, manyoya yamesimama. Hakunusa. Mbuyi akakisogeza kijiko, akangoja. Alirudi mezani akaweka mikono chini ya mapaja.

“Kula, chakula kinapoa,” mama akamwambia.

“Kabanga hataki.”

“Kula wewe, atakula baadaye.”

“Nitamngoja.”

Hakula siku hiyo, wala kesho yake asubuhi. Mama alijaribu maziwa, alijaribu biskuti. Mbuyi hakulia wala kukaidi, alingoja tu kwa adabu. Baba alipandisha sauti, “Ni mnyama! Mtoto atafuata mnyama?” Kaku akamwambia, “Nyamaza. Hilo neno la kufuata usiliseme tena humu ndani.” Hapo ndipo nilipoelewa wanaogopa nini. Walimtazama sungura kwa jicho moja, na kwa jicho la pili walimtazama dada yangu.

Mama aliomba ruhusa saluni. Tulimtia Roboti kwenye kikapu cha nguo, tukampeleka kwenye zahanati ya wanyama, mama, Mbuyi na mimi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Kiingereza. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimbonyeza tumbo, akaweka sikio lake la mpira, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

“Anakula nini nyumbani?”

Nikamuuliza mama. Mama alitazama sakafu. “Mwambie anakula chakula cha mtoto.”

Nikamwambia hivyo, nikataja na mkate na bukari. Daktari akatikisa kichwa, bila hasira. Akaeleza kwamba tumbo la sungura limeumbwa kwa majani, halitakiwi kusimama hata kidogo, na vyakula hivi vya unga vimelisimamisha. Akampiga sindano. Akatupa unga wa majani makavu wa kukoroga na maji, na bomba lisilo na sindano la kumlishia. Tumlishe kidogo kidogo kwa upande wa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Tumpapase tumbo. Tumpe majani mabichi. Tukiona kinyesi, tuna tumaini.

Niligeuka kumtafsiria mama, lakini Mbuyi alikuwa ameelewa kabla yake. Kiingereza cha shule kilikuwa kimeshamwingia. Alimshika mama sketi.

“Mama, chakula chetu ndicho kimemuumiza?”

“Ndiyo, mwanangu. Hatukujua.”

“Na Kabanga ulimpa hichohicho.”

Mama alikiinua kikapu. Jibu lilikuwapo, na desturi ilikuwa imelikalia. Ili aseme si chakula, angelazimika kusema ni nini, na kilimfanya nini. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kuanzia hapo Mbuyi hakuwa anamngoja mtu tena. Alikuwa anakiogopa chakula. Aliishika sahani kwa ncha za vidole akaisukuma, akakubali maji tu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tulimfunga Roboti kwa taulo, kichwa nje, mama akamweka mapajani. Mimi nilikoroga, mama alilisha. Tone moja, tunangoja koo lisogee, tone lingine. Mengi yalirudi yakamlowesha kidevu, nami nikapangusa. Mama alimpapasa tumbo kwa vidole vitatu, taratibu, kwa mzunguko. Kaku alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa baraza akitazama vile vidole. Alikuwa ameviona mahali pengine, nadhani. Mama ndivyo alivyokuwa akiwapapasa mapacha wakiwa wachanga wenye chango. Kaku akainuka, akajaza chupa maji moto, akaizungushia kitambaa, akaiweka ubavuni mwa sungura. Tulishangaa sote, maana hakuwahi kumgusa.

Baba aliingia adhuhuri kutoka zamu ya asubuhi, amebeba mfuko wa plastiki uliojaa majani. Aliyachuma nyuma ya kiwanda, mahali pasipopita magari. “Ndani ya taxi abiria wamenicheka,” alisema. “Mmoja ananiuliza, baba, unafuga mbuzi South Beach? Nikamwambia ndiyo, ana masikio marefu.” Alitutazama tukicheka. Mbuyi hakucheka. Alichukua jani moja refu, akalipangusa kwenye gauni, akamwekea Roboti mdomoni. Lilikaa pale mdomoni bila kutafunwa. Basi Mbuyi akachukua jani jingine akalitia kinywani mwake mwenyewe, akalitafuna mbele yake, amuonyeshe. Alikuwa mtoto aliyekaa njaa, na kitu cha kwanza alichomeza ni jani la Pinetown. Baba alitoka kwenda barazani, akabaki huko.

Mchana ulipokuwa ukielekea alasiri Roboti alijinyoosha ndani ya taulo, miguu ya nyuma ikasukuma mara moja, kisha akalegea. Mama aliendelea kumpapasa tumbo. Aliendelea hata baada ya sisi wote kujua. Nilimwona akiinua uso wake kumtazama Kaku, na macho yake yalikuwa yamejaa, na alikuwa ameyabana, kama alivyoyabana kwa miaka miwili.

Kaku alisema, “Lia, Mwa Mbuyi.”

Mama akatikisa kichwa.

“Lia. Sungura haina mwiko.”

Mama akalia. Sijasikia kilio kama kile kabla wala baadaye. Kilikuwa cha sauti nzito, hakikufanana na mama, na hakuna mtu mzima anayemlilia sungura hivyo. Kaku alimvuta Mbuyi mapajani na kumziba masikio kwa viganja vyake viwili, akambana kifuani. Alikuwa amemruhusu mkwewe alie, lakini hakuwa ameacha kuamini. Kama Kabanga, huko aliko, angegeuka na kuita, mtoto huyu asisikie.

Mbuyi aliitoa ile mikono, mmoja baada ya mwingine.

“Kaku, Roboti ameenda kuni?”

“Haina hivyo. Huyu amekufa.”

“Na Kabanga?”

Kaku alifungua kinywa akakifunga. Akamtazama mama. Nadhani huo ndio wakati mgumu kuliko yote katika maisha ya bibi yule, na kitendo alichofanya ni kukaa kimya ili mwingine aseme.

“Kabanga naye alikufa,” mama alisema. “Mapafu yake yaliugua, mwanangu. Hakufa kwa chakula. Nilimpa chakula kizuri, na alikipenda. Hakufa kwa chakula.”

Mbuyi alisikiliza. Kisha akauliza kama mapafu yake mwenyewe ni mazima, na mama akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kama daktari, akasema ni mazima. Asubuhi alipewa mkate. Mama hakuukata. Mbuyi aliukata mwenyewe katikati, akavitazama vipande vyote viwili, akala kimoja, na baada ya kitambo akala cha pili. Baba alimzika Roboti kule alikochuma majani.

Juma lile lote Kaku alitembea na Mbuyi akiwa amemfunga kifundo cha mkono kwa ncha ya kitenge chake. Jikoni, barazani, hata mlangoni mwa choo. Baba alimuuliza kama mtoto amekuwa mbuzi. Kaku hakumfungua hadi alipoona vema.

Nimewasikia watu, hata wa ukoo wetu, wakisema mila hizi ni ujinga wa kale uliomuua mnyama na kumtesa mtoto. Sisemi hivyo. Mama aliniambia kwamba bila kile kisahani asingeivuka miezi ile ya kwanza, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado inamhudumia Kabanga na haikujua namna ya kuacha. Onyo la Kaku lilitimia: tulimzika mara mbili. Lakini naona mara ya kwanza tulimzika bila kumzika. Kaku aliujua mwiko vizuri kuliko sisi sote, alijua unapoanzia na unapoishia, na ndiyo maana ni yeye tu aliyeweza kuona kwamba kwa sungura haukufika. Asiyeamini angemwambia mama alie siku yoyote, na mama asingeweza.

Nimemsomea mama haya yote. Alisahihisha mahali pawili, nami nikasahihisha.

Kaku alifariki Durban, tukamlilia kwa sauti. Thandeka alihamia Greyville, na mara ya mwisho tuliposikia habari zake alikuwa mzima. Baba yu hai, bado anafanya kazi Pinetown. Mama yu hai. Kabanga alifariki. Mbuyi yu hai.