Mtungi Alioutoboa Mwalimu

Juzi hapa Kamere niliona watoto wa shule wakiokota chupa kando ya ziwa, mwalimu akiwaonyesha zile zisizofaa kuguswa. Nikamkumbuka Mwalimu Wanjiku.

Yeye alitufundisha kwamba kitu kikuukuu si takataka, tukawa tunapanda miche kwenye mikebe. Alasiri moja nikampelekea mtungi mweupe wa plastiki kutoka shamba la maua, ungali unanukia dawa. Nikangoja kusifiwa.

"Umeutoa wapi?"

"Nyumbani, Mwalimu. Tuko na mwingine wa maji ya kunywa."

Alinishika mkono tukakimbia hadi kwetu. Bila hata hodi, akamwaga maji yetu yote na kuutoboa mtungi kwa panga. Nililia, nikidhani ameshikwa na wazimu.

"We Mwalimu! Huo nilipewa na Josphat!" mama akafoka.

"Mama Njeri, ulikuwa na sumu ya wadudu. Hata ukisugua na majivu haitoki. Watoto wanakunywa!"

Mama akamtazama mdogo wangu, aliyekuwa kila siku analia tumbo, akaketi chini.

Josphat alikuwa msimamizi wa stoo ya dawa kule shamba la maua, alikofanya kazi mama. Aliwagawia wafanyakazi mitungi hiyo kama zawadi. Namtaja kwa sababu alijua: yeye mwenyewe aliishika kwa glavu.

Jioni Mwalimu alirudi na ndoo yake imejaa maji, akaitua mlangoni.

"Kaeni nayo tu, Mama Njeri. Mimi nitaazima."

Maji hayo hayakuwa na harufu yoyote. Niliyanywa nikiwa bado nimemnunia.