Mlimani Walikuwa Sita

Saa mbili asubuhi, vumbi jeupe la plasta limeshamtanda fundi hadi kwenye kope. Mguu wa bandia umebanwa kwenye jiliwa, naye anausugua kwa msasa, anaupapasa kwa kiganja, anasugua tena. Wagonjwa kwenye benchi la nje wanamwita Kisigino.

Ana miaka hamsini na tatu. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki cha nyuma ya hospitali, akitengeneza miguu zaidi ya elfu mbili. Kabla ya hapo alikuwa askari, mtegaji wa mabomu ya ardhini. Wagonjwa hawakulijua hilo.

"Wangejua, nani angenipa mguu wake niushike?" anauliza.

Miezi mitatu iliyopita alikuja mpishi wa shule ya bweni kubadilisha mguu uliochakaa. Kisigino akiwa anamviringishia bandeji ya plasta, wakapiga soga. Mpishi akasema mguu wake aliuacha vitani, kwenye njia ya kuteremkia kijitoni, chini ya mlima wenye tangi la maji lililotoboka.

 Njia ile aliitega Kisigino mwenyewe, kikosi chao kiliporudi nyuma, saa chache baada ya mdogo wake kuuawa kwenye mteremko uleule. Walikuwa askari mia moja na arobaini, wakikimbia bunduki za mlimani. Miaka yote aliamini huko juu kulikuwa na jeshi zima.

Akauliza, kama anayeulizia hali ya hewa, huko juu walikuwa wangapi.

"Sita," mpishi akajibu. "Wenzetu walishatoroka. Tulihama shimo hadi shimo ili adui waone tuko wengi. Mimi nilifyatua nimefumba macho. Maji yalituishia siku ya pili, ndiyo maana walipoondoka nilikimbilia kijitoni."

Kisigino akahesabu kichwani. Mia na arobaini wamekimbizwa na watu sita wenye kiu. Hata hivyo plasta ilikuwa inakauka, na ikikauka vibaya kazi yote bure. Akamaliza kuilainisha. Ndipo akasema, "Ndugu yangu, ile njia niliitega mimi."

Mpishi aliutazama mkono ulioshika kigutu chake.  Kisha akauliza kama kuna mtu Kisigino alimpoteza siku ile.

"Mdogo wangu. Alikuwa na kitambaa cha kijani shingoni."

Mpishi akasema anamkumbuka kijana huyo. Alikuwa amefumbua macho mara moja tu, akamwona. Hakuwa anakimbia; alikuwa amerudi kumburuta mwenzake aliyeanguka. Risasi ilikuwa ya nani, hajui. Wote sita walikuwa wanapiga.

Akachukua magongo yake, akaondoka bila kuaga. Wiki saba mguu wake mpya ulisimama kwenye rafu, na Kisigino akawa hali akashiba.

Siku aliporudi, aliuvaa, akatembea hatua chache, akasimama mlangoni. Akamwuliza fundi kule njiani alitega mabomu mangapi.

"Kumi na moja," Kisigino akasema.

Lililokwisha kulipuka ni moja. Mengine alijiaminisha kwamba yalishateguliwa. Mpishi akamwambia hakuna mtegua mabomu aliyewahi kufika huko, na watu bado wanateka maji upande wa pili wa kijito.

Sasa Kisigino ameomba likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu aajiriwe. Wategua mabomu wamekubali kuongozana naye pamoja na mpishi Jumatatu ijayo.

"Yeye atanionyesha alipoangukia mdogo wangu," anasema, huku akijipangusa vumbi usoni. "Mimi nitawaonyesha yalipo yale kumi."