Moto wa Jioni Nyuma ya Nyumba ya Shosho

Juzi nilikuwa naanua nguo nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Nakuru, harufu ikaja juu ya ukuta wa jirani. Mtu alikuwa anachoma takataka. Mwanzo ilikuwa harufu ya majani makavu, tamu kidogo, kisha nailoni ikaingia ndani yake, ile harufu kali inayokwama kooni kama mfupa wa samaki. Nilipaswa kukasirika, maana mashuka yalikuwa yametoka kufuliwa. Badala yake nilisimama pale na beseni kiunoni, nikitabasamu kama mjinga. Niwaambie ukweli, wasomaji wangu: pua yangu na akili yangu hazijawahi kukubaliana kuhusu moshi.

Nililelewa Molo, kule juu ambako ukungu hushuka alasiri na kukaa juu ya mashamba ya viazi kama mgeni asiyejua kuaga. Tuliishi kwa Shosho, mama yake Baba. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao na mabati, na nyuma yake, kati ya zizi la ng'ombe na ua wa miiba ya kaiyaba, palikuwa na duara jeusi ambapo nyasi hazikuota. Hapo ndipo Shosho alipochomea. Kila jioni baada ya kukama, alivaa gambuti zake za mpira na koti kuukuu la marehemu Guka, mumewe, akakusanya kila kitu ambacho siku ilikuwa imemwachia: mashina ya viazi, maganda ya mahindi, mifuko ya nailoni, viatu vilivyokwisha kufa. Kisha akapiga kiberiti, akasimama na kuangalia moto ukishika, mikono nyuma, kama afisa anayekagua gwaride.

Kwa Shosho, kuchoma kulikuwa usafi. Boma lenye takataka lilikuwa boma la mvivu, na mwanamke aliyelala bila kuchoma uchafu wake alikuwa sawa na aliyelala bila kunawa miguu. "Uchafu ukilala, unazaa," alituambia. Kwangu na kwa watoto wa majirani moto huo ulikuwa sherehe. Tulifukia viazi vidogo kwenye majivu, tukavitoa kwa kijiti vikiwa vyeusi kama makaa, tukavirusha mkono hadi mkono, tukavila na chumvi iliyomwagwa kiganjani. Hakuna hoteli iliyowahi kunipa chakula kama kile. Leo nikikumbuka kwamba viliiva ubavuni mwa soli za sandali, nashangaa tulivyopona.

Kisha, ng'ambo ya ule ua, akaja kuishi mwalimu mpya wa shule yetu. Alikuwa ametoka Bungoma, na bwanake alibaki huko kwa kazi. Alikuja na binti yake mmoja, Nekesa, aliyewekwa darasani kwetu na akakalishwa kwenye dawati langu. Kufikia saa ya chakula tulikuwa marafiki. Nekesa alikuwa na kicheko cha mtu mzima na alijua kuhesabu miruko ya kamba kwa Kibukusu, lugha ya kwao. Ila alipenda kuzungusha kamba kuliko kuruka. Nilidhani huo ni ukarimu wake, nami nikautumia vizuri sana.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Jioni hakutoka. Nilisimama kwenye ua na kumwita aje kwenye moto, nikasikia tu dirisha likifungwa. Kwa ndani walikuwa wanaziba nyufa za mbao kwa matambara. Nilijua, kwa sababu Jumamosi moja nilimsaidia Nekesa kuyachomoa asubuhi, nayo yalinuka kama koti la Shosho.

Mwalimu alivumilia kwa muda, kisha akaja. Tulikuwa jikoni tukinywa chai: Shosho, Baba, Mama na mimi. Alikaribishwa, akapewa kikombe, wakaulizana habari za ng'ombe na za shule. Ndipo akasema, polepole, kama mtu anayetembea kwenye matope na viatu vizuri.

"Shosho, nilikuwa naomba kitu kidogo tu. Ni huu moto wa jioni. Nekesa ana shida ya kupumua. Moshi ukiingia kwa nyumba, halali, na mimi pia silali."

Shosho alikoroga chai ambayo tayari ilikuwa na sukari. "Moshi hauna mwenyewe, Mwalimu. Unafuata upepo."

"Ni kweli, Shosho. Lakini moto uko na mwenyewe."

Nilijua hapo kwamba mambo yameharibika. Hakuna mtu aliyemjibu Shosho hivyo, hata mchungaji.

"Mimi nimelea watoto kwa moshi," Shosho akasema. "Nilipika kwa kuni wakiwa mgongoni. Hakuna kitu moshi ilifanya. Huyo wako mpe maziwa, kifua itakuwa na nguvu."

Baba aliweka kikombe chake chini kikiwa nusu, akatoka nje, na mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu akamaliza chai yake yote kwa heshima, akashukuru, akaenda.

Baada ya hapo Shosho alinionya nisivuke ua. "Njeri, watasema umewapelekea moshi kwa sweta," alisema. Nilivuka tu. Palikuwa na pengo chini ya kaiyaba, la ukubwa wa mbwa au msichana mwembamba, na miiba yake iliniachia alama ambazo Mama alizipaka mafuta bila kuuliza.

Jioni ninayotaka kuwaeleza ilikuja mwisho wa kuvuna viazi. Mashina yalikuwa rundo refu kuliko Baba, mabichi kidogo, na ukungu ulikuwa umeshuka mapema. Mama alimwambia Shosho asubiri yakauke. Shosho alisema rundo kama lile likilala litaita panya wote wa Molo. Aliwasha. Moto haukushika vizuri, ila moshi ulitoka mzito, mweupe kama maziwa, na ukungu ukaukalia kichwani usipande. Ulitambaa chini, ukapita miguuni mwetu, ukapenya kwenye ua. Tulicheza ndani yake. Tulipotezana na kutafutana kwa sauti.

Kisha tukasikia lango likigongwa kwa nguvu. Alikuwa Mwalimu, bila viatu, amembeba Nekesa mgongoni, na Nekesa alikuwa mkubwa mno kubebwa. Miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya mama yake. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mabega yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka, na kila pumzi ilitoka na mluzi mwembamba. Alinitazama lakini hakuniona.

"Baba Njeri, nisaidie na gari," Mwalimu alisema. "Ile dawa yake ya kuvuta imeisha."

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea maziwa. Alikimbia kuiwasha. Na hapa ndipo Shosho alipotushangaza sote, kwa sababu ndiye aliyefika kwenye mlango wa gari kwanza, akaingia na gambuti zake, akanyoosha mikono.

"Mlete hapa. Usimlaze. Akae wima, hivi."

Alimpakata Nekesa kifuani, akamfungua vifungo vya shingoni, na Mwalimu akajibana pembeni. Gari likaondoka na madebe matupu yakigongana nyuma. Mama alichukua ndoo ya maji ya ng'ombe, akanipa ndogo, tukaanza kumwagia lile rundo. Lilifoka na kutoa mvuke, na viazi vyetu vikabaki ndani, vibichi upande mmoja. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa jioni nzima nikiomba, na sikujua niombe moto uzime au pikapu isizime.

Walirudi asubuhi, Baba na Shosho. Nekesa alikuwa amebaki hospitali na mama yake, lakini alikuwa anapumua vizuri na alikuwa ameomba mandazi. Niliposikia habari ya mandazi nilijua amepona. Shosho hakuketi. Hakunywa chai. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya zizi, akaanza kuchimba.

Mama alimfuata. "Mum, unachimba nini?"

"Shimo."

"La nini?"

"La takataka. Ama unataka tuzikalie?"

Alichimba hadi mchana, akikataa msaada wa Baba. Tangu siku hiyo mashina na maganda yalikwenda shimoni, tabaka la majani na tabaka la samadi, yakifunikwa udongo. Mifuko ya nailoni tuliikusanya kwenye gunia, na Baba akaipeleka jalala la mjini alipokwenda na maziwa. Sitawadanganya kwamba shida ya nailoni iliisha hapo; ilihama tu. Lakini ilihama mbali na dirisha la Nekesa.

Nekesa alipotoka hospitali, Shosho alivuka kwenda kwao na gunia la viazi kichwani. Sikumsikia akiomba msamaha, na nilikuwa nimejificha karibu kabisa. Alisema tu, "Mwalimu, hizi waru ni za mtoto. Ziko na nafasi ya kuwekwa, ama nirudi nazo?" Mwalimu alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaweka sufuria ya chai motoni. Wiki hiyohiyo Nekesa alikuja kwetu jioni kwa mara ya kwanza. Alisimama karibu na zizi, akatazama ng'ombe wakicheua na taa zikiwashwa kwenye nyumba za bondeni. "Kumbe jioni hukaa hivi," alisema.

Shosho hakuwa mtu wa kufanya kitu nusu. Alipomaliza na boma lake alianza na ya wengine. Akiona moshi popote kwenye mteremko wetu, alichukua kigoda chake, akaenda. "Nimekuja tu kuota moto," alimwambia mwenye boma, akaketi upande ule ule ambao moshi ulielekea, akaanza kukohoa. Alikohoa kwa ufundi. Alijishika kifua, akajifuta macho, akaomba maji, akaomba tena. Hakuna mtu mwenye malezi anayeweza kuendelea kuchoma takataka huku mwanamke mzee akikata roho juu ya kigoda uani kwake. Walizima. Ndipo alipoinuka, mzima kabisa, akawaonyesha mahali pazuri pa kuchimba shimo.

Mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito alimkabili. "Lakini Shosho, si ni wewe ulitufundisha kuchoma?"

"Ni mimi," alijibu. "Sasa nimekuja kuwafundisha kuzima."

Wengine walimcheka, na wachache walichoma hadi mwisho, kwa kuvizia, Shosho akiwa kanisani. Lakini mwaka uliofuata kabichi zake, zilizopandwa kwa mbolea ya lile shimo, zilikuwa kubwa kiasi kwamba akina mama walikuja kuzipapasa kama watoto wachanga, na baada ya hapo hakuhitaji kukohoa sana. Mimi niliomboleza viazi vyangu vya majivuni kimya kimya. Nilidhani Shosho amebadilika kwa sababu ya aibu, au kwa kumpenda Nekesa. Niliridhika na maelezo hayo kwa miaka mingi, hata baada ya sisi kumzika.

Kisha nikapata mwana, naye akaanza kupumua kwa mluzi. Tulikaa kwenye benchi la hospitali hapa mjini, Baba na mimi, mtoto akiwa amevalishwa kile kibarakoa cha mvuke. Baba alikuwa amekuja na basi la asubuhi. Akimtazama mjukuu wake, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kabla ya kumzaa yeye Baba, Shosho alikuwa na binti. Aliitwa Wambui. Alianza kutembea, kisha kifua kikamshika, naye akafia kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa jiko na chumba cha kulala pamoja, miguuni pa moto. Shosho alikuwa amempakata wima usiku kucha. Walipotoka kumzika, alirudi akawasha kuni palepale, kwa sababu watu walihitaji kula na hapakuwa na mahali pengine pa kupikia.

Nilielewa basi kwamba yule mwanamke niliyemwona mkaidi mbele ya Mwalimu hakuwa anatetea moto wa takataka. Moshi ukiwa na hatia ng'ambo ya ua, ungekuwa na hatia pia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hilo alikuwa amekataa kulitazama tangu ujana wake. Ndani ya pikapu, na kifua cha mtoto wa mwingine kikipiga mluzi dhidi ya chake, alilitazama. Alikuwa mzee tayari. Angeweza kuliacha. Hakutuambia, hakuomba tumpe pole, akashika jembe.

Nilimuuliza Baba kama aliwahi kumwona akimlilia Wambui.

Baba alimrekebishia mtoto kile kibarakoa. "Jikoni," alisema. "Kila siku macho yake yalikuwa mekundu. Sisi tulidhani ni moshi."